Wimbo wa Shikamoo

Bwawani aliishi Chura mkongwe wa kuchana mistari ya kufokafoka, ambaye enzi zake alimchezesha hata Kiboko. Uzeeni akaamua kutoa wimbo na wageni watatu, vijana wanaotamba: Kasuku, Chiriku na Kanga.

Wanyama wakajazana kusikiliza. Mdundo ukaanza, Kasuku akaingia: "Shikamoo, mkongwe!"

Chura, kwa adabu zake, akaitikia: "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Chiriku naye akaanza na shikamoo. Kanga akaamkia huku amepiga goti, akawaulizia na watoto. Heshima zilipokwisha, mdundo nao ulikuwa umekwisha.

Wanyama walimpenda mno mzee wao, hakuna aliyetaka kumuumiza kwa kumwambia kuwa wimbo haukuimbwa.

Ndipo Nzi akapaza sauti: "We mzee, umechuja!"

Chura akavimba. Akamchana Nzi mbawa, miguu na ile tabia yake ya kutua chooni, kila mstari na vina vyake, mpaka Kiboko akainuka kucheza.

"Wimbo ujao," Chura akasema akihema kwa furaha, "mgeni wangu ni wewe. Sogea basi tuanze mazoezi."

Nzi akautazama ule ulimi mrefu wa Chura, akapaa.

"Shikamoo, babu," akasema. "Mimi nitaimbia hukuhuku juu."