Mstari wa Zahanati

Mlango wa ishirini na tatu ulifunguliwa na Nyangi, na Waisiko hakungoja hata shikamoo iishe.

"Kesho mkutanoni mkiambiwa mchague, simama na zahanati," alisema. "Nakuomba, mwanangu."

Nyangi alimkaribisha uji, akakataa. Alikuwa njiani tangu asubuhi, anatembea polepole, fimbo ikimtangulia, na kitongoji kizima kilikuwa bado.

Halmashauri ilikuwa imewataka wanakijiji wachague wenyewe mradi wa kwanza katika mpango wa miaka mitano. Baada ya vikao vingi yalibaki mambo mawili: zahanati au lambo la maji. Litakaloshinda lingepelekwa wilayani Mugumu Ijumaa. Litakaloshindwa lingesubiri mpango mwingine.

Miaka mitano. Waisiko aliposikia hivyo alikosa usingizi siku tatu.

Wanaume alishawakatia tamaa. Kiangazi kilichopita kilikuwa kimeua ng'ombe wengi, na mwanaume wa huku humwambii kitu mbele ya ng'ombe. Lakini wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume, na wanaozaa ni wao. Kila mlango aliwakumbusha: hospitali ya Mugumu ni mbali, mto ukijaa pikipiki haivuki, na uchungu haungoji mto upungue. Walimsikiliza kwa heshima. Wengine walimfungia mahindi ya kwenda nayo. Walidhani wanajua kinachomsumbua: mkwewe, Agness, alikuwa na mimba ya miezi minane, tena ya kwanza.

Alhamisi uwanja wa shule ulijaa. Waisiko aliomba nafasi, akasimama. Alisema hajawahi kuomba kitu mbele ya mkutano wa kijiji, na baada ya leo hataomba tena. Mwenyekiti alimwacha amalize. Kisha mtendaji wa kijiji, Vicent, akaagiza wanaotaka zahanati wapange mstari upande wa madarasa, wanaotaka lambo waende upande wa goli.

Waisiko alikuwa wa kwanza kufika madarasani. Akaegemeza mgongo ukutani, akasikiliza miguu ikija. Ilikuwa mingi. Ilipita mbele yake, ikaendelea. Alikisikia kikohozi cha Rhobi, akakisikia kicheko cha Regina, wanawake aliowapigia hodi jana, vyote vikielekea golini.

"Tuko wangapi?" alimuuliza Agness, aliyekuwa ubavuni pake.

"Kumi na mmoja, mama."

Golini walikuwa mia moja na sitini. Vicent akaandika lambo, makofi yakapigwa, mkutano ukafungwa. Waisiko akateleza na ukuta hadi chini, akakaa palepale kwenye vumbi kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Nyangi alimfuata, akapiga magoti mbele yake. Aliona aibu, lakini hakutaka kumficha. Wanawake walikuwa wamekaa jana jioni wakakubaliana. Maji wanayafuata kilomita saba kwenda na saba kurudi, na hakuna wa kuwabebea ndoo.

"Zahanati ya kuzalia tunayo, mama," alisema kwa upole. "Sote ni wewe uliyetuzalisha, na hujapoteza mtoto hata mmoja. Tumechagua kile ambacho hatuna."

Agness naye alimwambia mama mkwe wake aache kuhangaika kwa ajili yake. Akauchukua mkono wa yule mzee, akauweka juu ya tumbo lake, pale mtoto alipokuwa akicheza. Alisema yeye hana hofu yoyote.

Waisiko aliinua uso kuifuata sauti. Tangu masika mtoto wa jicho alikuwa amefunika macho yake yote mawili, na hakuwa amemwambia mtu yeyote.