Usingizi wa Nyumba

Akina mama, yasikieni ya Sikudhani. Enzi zake usingizi uligawiwa kwa nyumba, si kwa mtu. Fungu la nyumba lilikaa kwenye tangi ukutani, kila kitanda na koki yake, na aliyevuta zaidi aliwapunguzia wenzake. Sikudhani alimwachia binti yake Tunu, mtoto wa miaka saba, karibu lote. Basi kiuno kikamgeuka, kikawa adui. Akiinama kufagia, kuinuka ni kwa kushika mlango.

"Shoga, badilisha godoro," Bi Pili, jirani yake, alimtania. "Au mume karudi safari?"

"Mume gani! Godoro nimebadilisha, na sakafuni nimelala. Kiuno kinawaka vilevile."

"Basi ni usingizi unakudai. Mwili usiolala hautengemai."

Sikudhani akacheka, lakini fungu la mtoto hakuligusa.

Asubuhi moja akaamka mwepesi kama mwali. Akafagia uwanja mzima huku akiimba, asijiulize nafuu hiyo imetoka wapi. Mara Tunu akatoka kwenda shule. Akainama avae viatu, akakwama. Akashika kiuno kwa mikono miwili, akajivuta juu taratibu kama kikongwe, macho mekundu.

"Tunu! Umefanya nini?"

"Nimekufungulia koki yako, mama, tangu juzi. Lala tu, mimi bado mdogo."

Sikudhani akakimbilia tangi arudishe fungu la mwanawe. Mkono ukafika kwenye koki. Hapo akakikumbuka kiuno chake kilivyokuwa kikiwaka, naye akasita kidogo.

Kusita huko kulimtisha kuliko maumivu yote.