Hofu Isishike Kamba

Mjusi alikuwa amening'inia kwa ncha za vidole kwenye kizingiti cha juu cha mlango, miguu ameikunja, jasho linamtiririka, mama yake alipofika na beseni la nguo na kukosa pa kupita.

"Shuka."

"Bado kidogo, mama."

"Kizingiti kikibanduka, atakitengeneza nani? Shuka nipite!"

Mjusi akashuka. Jina hilo alipewa na wenzake wa kupanda miamba, kwa jinsi anavyoganda ukutani, na mama yake hakulipenda hata siku moja. Uzae binti, umfundishe ushonaji, umfungulie kiduka cha mapazia, halafu watu wamwite mjusi!

Mama akatua beseni, akamshika mikono na kuigeuza viganja juu. Vidonda vilikuwa vimefunga, makovu yanang'aa.

"Viganja hivi nimevipaka dawa mimi," alisema. "Nimekulisha kwa kijiko, mtu mzima, kikombe huwezi kushika. Sasa nasikia Jumamosi mnarudi kwenye mwamba ule ule. Ule ule! Mara ya kwanza haukuua mtu, mnataka ukamilishe kazi?"

"Kocha ndiye aliyeniita."

"Baada ya yale yote bado anakuita? Ana akili timamu huyo? Mwanangu, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka."

"Ashtuke tu, mama. Lakini kama shamba lake liko upande ule, atapita njia ile ile."

Mama akabeba beseni lake, akaenda kuanika nguo huku akisonya.

Dukani nako hakukuwa na nafuu. Tangu ajali ile ya kwenye mwamba, wateja waliingia wakinong'ona, wakimpa pole ya nusu mdomo. Mmoja alimtazama mikono kwanza, kisha akasema kitambaa chake atakileta siku nyingine. Mjusi alikanyaga cherehani kwa hasira hadi uzi ukakatika. Miaka yote ya kushona na kupanda, na watu wanamkumbuka kwa anguko moja tu! Akikaa nyumbani, siku ile ndiyo itakuwa jina lake mpaka anazeeka. Hakutaka. Hakutaka kabisa.

Jioni akaenda ukumbini kwenye ukuta wa mazoezi. Kocha alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki, kitambi mbele, fimbo mkononi, akiwaonyesha wanafunzi kishikio kinachofuata na kumgonga mguu yeyote anayezembea.

"Panda kwa miguu! Mikono ni ya kushikia tu! Ukimaliza nguvu zote chini, huko juu utafika na nini?"

Wanafunzi walimwona jeuri, na walimpenda hivyo hivyo.

Mjusi akapaka chaki mikononi, akafungwa kamba, akapanda. Huko juu hakuwa na shida. Alipita ile sehemu ya ukuta iliyoinamia nje, inayowatoa wenzake machozi, akagusa dari, akateremshwa. Wenzake walipoanza kupokezana kamba, mmoja anapanda, mwingine anamshikia kutoka chini, yeye alienda kupanga viatu kwenye rafu, kama ilivyokuwa kawaida yake siku hizi.

Kocha alimwangalia weee, kisha akamwita.

"Kupanda unajua," alisema. "Hapo sina la kukuongezea. Ila kuogopa bado hujajua."

"Si ndiyo maana nafanya mazoezi?"

"Mazoezi ya kupanga viatu?"

Mjusi akatazama chini. "Watu husema kuteleza si kuanguka, Kocha."

"Aliyesema hivyo hajawahi kukanyaga mwamba. Kuteleza ni kuanguka, tena kunauma. Sasa nisikilize. Hofu huwezi kuifungia nyumbani, itakufuata tu. Basi ije. Ikae pembeni, ipige kelele zake mpaka ichoke. Ila isishike kamba."

Jumamosi asubuhi mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Ukitoka hapa leo, mimi simo."

"Sawa, mama. Ila chai uniwekee."

Mama hakucheka. Lakini alisogea, na Mjusi akapita.

Kule mwambani hakumkuta mtu ila Kocha. Mwamba ulikuwa vile vile, mwekundu, wenye ufa mmoja mrefu uliopanda hadi kwenye kibaraza chembamba juu kabisa. Chini yake palikuwa pale pale pa siku ile. Mjusi akasimama hapo. Alisikia tena ule mlio wa kamba ikikimbia, kisha kile kishindo. Akarudi nyuma hatua moja, kisha akaikanyaga tena mbele.

"Siondoki," alisema kwa sauti, na hakuwa akimwambia Kocha. "Umesikia? Leo siondoki hapa."

Akavaa mkanda wake wa kupandia, akakaza vifungo, akakaa juu ya jiwe na kutoa viatu vya kupandia kwenye begi.

"Hivyo viache," Kocha alisema.

Mjusi akavirudisha polepole. Akasimama.

Kocha akaegemeza fimbo yake kwenye mwamba, akachechemea hadi ufa ulipoanzia. Ncha ya kamba akaifunga kwenye mkanda wake mwenyewe, akaikagua mara mbili. Upande wa pili akaupitisha kwenye breki, kile chuma cha kuzuia kamba, iliyokuwa kiunoni mwa Mjusi, kisha akauweka katika viganja vile vyenye makovu. Mjusi akaikamata kamba, akaikaza.

"Haya," Kocha akasema, huku akipapasa kishikio cha kwanza. "Mara hii usiniachie."