Karatasi ya Bariere Saba

Askari wa kwanza aliishika karatasi muhuri ukiwa juu, akaikazia macho, akaguna: "Pita, mama."

Ilikuwa mwaka 2000, wakati wa vita. Francine alikuwa akitembea kutoka Punia kwenda Kindu, mtoto wake Naomie mgongoni. Komanda wa askari huko Punia alitaka abaki kambini awe mke wake. Francine alikataa mbele ya watu. Komanda akacheka, akaandika karatasi, akaipiga muhuri mwekundu.

"Onyesha hii kwenye kila bariere, kila kizuizi cha askari njiani," alisema.

Kwenye bariere ya pili ilishikwa vilevile, muhuri juu. Ya tatu pia. Askari wa bariere ya saba hata alimpigia saluti. Francine akavuka mto Lualaba, akaingia mjini, mtoto akiwa mzima.

Tangu hapo alimwombea komanda yule kila Jumapili. Mateso ya njia ile yalikuwa yamemfundisha kuomba. Kusoma, bado.

Pasta Arsène alitaka mara nyingi kumsomea karatasi hiyo.

"Hapana, Pasta. Niliibeba kwa miguu yangu, nitaisoma kwa kinywa changu."

Akaweka nadhiri: ataisoma kwa mara ya kwanza mbele ya kanisa, amshukuru komanda kwa jina lake.

Akiwa na miaka hamsini na mitatu, akaanza masomo ya jioni kwenye mtaa wa Mikelenge. Wifi yake Espérance alimcheka barabarani.

"Mama Naomie, unatafuta diplome ya kumuonyesha Petro mbinguni?"

"Petro ananijua. Ni wewe njo utaombwa karatasi."

Mwalimu Jacques alimfundisha herufi, kisha silabi, kisha barua: tarehe juu, jina na muhuri chini. Alirudia darasa mara mbili. Hakuacha.

Pasaka ya mwaka huu alisimama mbele ya kanisa zima, Espérance akiwa benchi la kwanza. Akaitoa karatasi kwenye plastiki. Akaigeuza, muhuri ukaenda chini, kama alivyofundishwa. Akaanza polepole, kidole juu ya kila neno:

"Kwa askari wote. Mwanamke huyu ni jasusi. Asipite. Apigwe risasi palepale."

Pasta akanyoosha mkono aichukue.

"Wacha, Pasta," alisema Francine. "Huu njo ushuhuda wangu."

Akaisoma tena, kwa sauti kubwa zaidi.