Bi Jibu na Swali la Tisa

Haya wajukuu, fungueni masikio: huwaingiza wote ndani, mwenyewe hulala nje. Mnasema mlango? Kaeni na jibu lenu kwanza, mtalipima wenyewe mwishoni.

Bi Jibu alikuwa keshaingia chumbani kwa nesi kabla hajaitwa, akimvuta mumewe kwa mkono wa shati. Jina hilo alipewa pale pale kliniki, maana ulimi wake ulikuwa na mbio kuliko swali. Mumewe, fundi saa, aliugua sonona. Mwaka wa pili huo saa za watu zimelala mezani kwake, na maneno yenyewe aliyatoa kwa kijiko. Kila mwezi mke ndiye aliyemjibia.

"Leo kuna karatasi mpya," nesi alisema. "Ina maswali tisa, na ni ya..."

"Lete, mwanangu, nimeacha nguo kwenye kamba."

"Usingizi ukoje?"

"Anakoroma kama mashine ya kusaga! Uliopotea ni wangu, na huo hauna dawa." Akacheka. Nesi hakucheka. Aliandika.

"Chakula?"

"Anamaliza sahani yake, kisha anamalizia na yangu."

"Kuna kinachokufurahisha siku hizi?"

"Juzi katabasamu! Nilikuwa nimeteleza na ndoo, nimelowa chapachapa. Nikamwambia, baba, kama dawa ndiyo hii, basi nitaanguka kila siku."

Mume alitazama viatu vyake. Nesi akaandika tena, mistari mirefu kuliko majibu.

Wakafika la nane. "Na dawa nyumbani, anazitunza nani?"

Bi Jibu akachomoa kamba shingoni, ufunguo ukaning'inia. "Zimo kabatini, na kabati lina kufuli. Huu ufunguo naoga nao, nalala nao. Hapiti hata sisimizi."

Nesi akaweka kalamu chini. "La tisa. Umewahi kutamani usiamke tena?"

"Zamani alikuwa akisema hivyo, maskini. Sasa hapana. Andika hapana, mwanangu, tukaanue nguo."

Nesi hakuandika. Aliigeuza karatasi ili mama asome maneno yaliyokuwa juu kabisa: Kwa Anayemuuguza Mgonjwa.

"Mama," alisema taratibu, "yote tisa yalikuwa yako."

Bi Jibu akaufumbata ufunguo kiganjani. Feni ikazunguka, ikazunguka, na swali likabaki pale pale mezani.

"Ndiyo," ikasema sauti yenye kutu. Ilikuwa ya fundi saa. "Kila alfajiri anaiambia birika, akidhani nimelala. Nesi, mvue huo ufunguo."