Video ya Harusi

Programu ya hospitali iligoma tena kuingia kwenye simu ya Mzee Athumani: simu imejaa, futa kitu. Maombi ya vitanda yalikuwa yanafungwa adhuhuri, na mkewe Mwanaisha alikuwa pembeni yake kwenye kiti cha magurudumu, kimya tangu kiharusi kilipomnyang'anya maneno.

Alishafuta picha zote, hata ya mbuzi wa shemeji yake aliyevalishwa miwani. Ikabaki video moja kubwa: Mwanaisha kwenye harusi ya binti yao Zuwena, akimtania mumewe mbele ya wageni kwamba anacheza kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Rekodi nyingine ya sauti yake hakuwa nayo popote.

Akaifuta. Programu ikaingia.

"Mzee wangu, mbona umehangaika kupakua?" akauliza dada aliyekaa naye benchi moja pale mapokezi. "Mimi nimeombea humu humu mtandaoni, kama unavyofungua gazeti. Haili nafasi kabisa."

"Bango la hapo mlangoni limesema pakua."

"Bango nalo."

Athumani akaitazama simu kama mtu aliyeuza nyumba akanunua mlango.

Kitanda kilipatikana. Kisha programu ikamuuliza kama anairuhusu kutumia maikrofoni.

"Unaona, Mama Zuwena? Hata hii inataka kukusikia."

Akabonyeza ndiyo, akaisogeza simu mdomoni kwa mkewe, akaishika hapo. Yule dada akazima yake, kusiwe na kelele.