Hodi ya Nyati

Nungunungu alijitenga na mbuga ya Nyati, akatangaza kwamba shimo lake ni nchi. Hakuna aliyemtambua ila Kicheche, ambaye naye alikuwa amejitenga na Chui. Wakapelekeana mabalozi, wakaitana "Mheshimiwa". Upuuzi? Basi upuuzi huohuo uliwapatanisha Nyati na Chui, mahasimu wa miaka mingi, wakaja pamoja kulifukua shimo, wanyama wote wakitazama.

Nungunungu alijibana ndani, miiba imemsimama. Shimo likifukuliwa, hana nchi wala roho.

Nyati akaingiza pua. Ikachomwa, akaitoa ikivuja damu.

"Toka, we mwizi!"

"Kwangu haingiwi kwa pua, bwana mkubwa. Kwenu hamkufunzwa adabu? Piga hodi, nitatoka."

"Haya, hodi basi!" Nyati akafoka kwa maumivu.

"Karibu, mgeni wangu!"

Wanyama wakaangua kicheko. Nani hupiga hodi kwake mwenyewe?

Chui akamgeukia Nyati. "Umeshamtambua, mpumbavu wewe! Kesho nami nikapige hodi kwa Kicheche?" Wakavaana palepale, pembe kwa makucha.

Nungunungu akatoka kama alivyoahidi, akasimama mlangoni. "Jamani," akasema, "piganeni nje ya mpaka wangu."